Mwonjaji wa Malisho

Katika familia ile hakuna ng'ombe aliyeingia kwenye malisho mapya kabla ya Mwonjaji. Ndivyo walivyomwita, na kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuonja. Alikuwa jike wa asili, mwekundu, mdogo wa umbo, mwenye nundu na ngozi iliyolegea shingoni kama shati la kuazima. Walimwachia malishoni peke yake kwa karibu wiki moja. Akirudi, mtu mmoja alimshika pembe, mwingine akampekua ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja. Akikutwa hana kupe, malisho yalihesabiwa kuwa safi na kundi zima likafuata. Akikutwa nao, walisubiri au walitafuta kwingine. Marehemu baba alifanya hivyo maisha yake yote, akiwa na Mwonjaji huyu na wengine kabla yake, na hakuwahi kupoteza kundi.

Kwa ng'ombe wa baba njia ile ilikuwa na mantiki. Wote walikuwa wa damu moja na ngozi moja. Lililomshinda Mwonjaji lingewashinda na wao, na alilolistahimili wangelistahimili. Kosa liliingia pale mwanawe mkubwa aliponunua mitamba watatu wa kisasa, wenye mabaka meusi na meupe, wakubwa kama makabati, wote na mimba zao, akawapanga nyuma ya Mwonjaji yule yule.

Hakumwambia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke aliyefanya kazi katika maabara mjini, na kaka alitaka siku moja amwite aje akute maziwa yanajaa ndoo, ashangae. Alikuwa na sababu ya kutaka kushangiliwa. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori. Aliacha baada ya alfajiri moja kusinzia kwenye usukani, lori likaingia korongoni. Yeye alivunjika nyonga, utingo wake hakutoka hai. Hospitali walimpima wakamwambia kwamba usingizi wake ni ugonjwa; unamnyakua akiwa ameketi, anakula, hata anazungumza. Wakamkataza kuendesha. Lakini mwenye malori hakuwa mtu wa kujali maneno ya hospitali. Alisema nafasi ipo, akitaka arudi wakati wowote.

Kwa hiyo mafao yote ya kaka yaligeuka mitamba watatu, na mitamba wale hawakuwa ng'ombe tu. Walikuwa ukuta kati yake na usukani. Mkewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiye aliyepiga simu.

"Wifi, hivi ng'ombe huwa wanalia?"

"Wanalia vipi?" daktari aliuliza.

"Machozi. Bibi Harusi tangu jana machozi yanamchuruzika kama kafiwa. Masikio kayalaza. Kaka yako anasema ni vumbi."

"Bibi Harusi ni nani?"

Wifi akaguna. "Haya, mdomo wangu hauna kufuli. Kaka yako alitaka kukushtukiza. Tuna mitamba watatu wa maziwa, wale wakubwa wa mabaka. Huyo ana weupe usoni kama shela, ndiyo maana."

"Wanalishwa bandani au wanachungwa?"

"Wanachungwa, kwenye malisho mapya kule kijitoni. Lakini usiwe na wasiwasi, Mwonjaji alitangulia. Alirudi msafi kama sahani."

Daktari aliuliza wameingia huko tangu lini. Wifi akasema wiki mbili na ushee. Akauliza kama wanaogeshwa dawa ya kupe.

"Ya nini, wifi, na Mwonjaji karudi msafi? Na kaka yako anasema ile dawa ni sumu, mitamba wana mimba."

Wiki mbili na ushee ndio muda ambao ndigana kali huuchukua, tangu kupe abandike mdomo wake mpaka homa ipande. Alifungua kabati la maabara. Ya dawa ya kutibu ndigana ilibaki chupa moja. Akiwa njiani alipiga simu kwenye maduka ya dawa za mifugo, moja baada ya jingine. Wote walimwambia wameishiwa, mzigo unatarajiwa mwisho wa wiki.

* * *

Alifika saa za mchana. Mchungaji, mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimpokea getini.

"Karibu daktari. Kaka yako ananung'unika, mkeo, samahani, mkewe amemharibia sherehe. Mimi nilisema ng'ombe wale ni wazuri ila wana maringo. Wa kwetu akiona mwiba anauruka. Hawa wanausimamia wakusubiri uje uutoe."

"Wanakohoa?"

"Bibi Harusi anakohoa kidogo. Vumbi."

Kaka alikuwa bandani. Banda lilikuwa jipya, sakafu ya saruji yenye mteremko mzuri, mabati bado yanang'aa. Alikuwa amelijenga kwa uangalifu wa mtu anayeanza maisha. Alimkumbatia dada yake kwa mkono mmoja.

"Mdogo wangu. Wifi yako ana presha tu. Umekuja bure, lakini karibu."

"Nitafurahi kama nimekuja bure," daktari alisema, akavaa glavu.

Alianza na Bibi Harusi. Alipitisha mkono chini ya sikio, kwenye pembe ya taya. Palipotakiwa kuwa laini palikuwa na tezi ngumu yenye ukubwa wa ngumi yake. Alishuka mbele ya bega, akakuta nyingine. Akaweka kipimajoto. Ng'ombe mzima hazidi sana thelathini na nane na nusu. Bibi Harusi alikuwa na arobaini na moja na pointi sita. Alipoweka sikio ubavuni alisikia sauti ya mtu anayepuliza maji kwa mrija. Puani palikuwa na utando wa povu, mdogo, ambao Redio alikuwa ameufuta asubuhi kwa kitambaa akidhani ni mate.

Akaenda kwa Soksi, mwenye miguu myeupe. Tezi, na homa ya arobaini na nusu. Akaenda kwa Kimya, mdogo kuliko wote. Tezi, na homa ya arobaini na moja. Mapafu ya wawili hawa bado yalisikika makavu.

Kisha akakunja sikio la Kimya na kulielekeza kwenye mwanga. Ndani, kwenye mikunjo, kupe wa kahawia walikuwa wamepangana bega kwa bega kama punje za mtama zilizobandikwa kwa gundi. Baadhi walikuwa wamevimba rangi ya risasi.

"Nani anawapekua masikio?" aliuliza.

Kaka alimtazama Redio, Redio akamtazama kaka.

"Hatujawapekua," kaka alisema. "Tulimpekua Mwonjaji."

* * *

Mwonjaji alikuwa amefungwa kivulini, anacheua bila haraka. Daktari alimpekua kote. Kwenye sikio moja alikuta vidonda viwili vilivyokauka na kupe mmoja aliyekufa, mkavu kama ganda. Hakukuta kingine.

"Si unaona?" kaka alisema. "Alikula nyasi zile zile. Basi hao kupe mitamba wametoka nao walikonunuliwa. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Hawakutoka nao. Wangekuwa wameshashiba na kudondoka." Daktari alivua glavu. Alizungumza kwa utaratibu, kama alivyozungumza kazini, kwa sababu alihisi kwamba akiharakisha sauti yake itamsaliti. "Kaka, sikiliza. Kupe walimpanda Mwonjaji kama walivyowapanda hawa. Ila ngozi yake imezaliwa ikiwajua. Kupe mchanga akimuuma, mahali pale panawasha, panavimba, ngozi inakuwa ngumu, kupe hapati damu. Anajilamba, anajisugua, wanadondoka au wanafia hapo. Ngozi ya hawa haina habari. Kupe anakula mpaka anashiba, hakuna anayemgusa. Ng'ombe mmoja wa aina hii anaweza kubeba kupe ambao wangetosha kundi zima la baba."

"Na ugonjwa?"

"Mwonjaji aliugua akiwa ndama, akapona, hamkuona. Sasa haumsumbui. Hawa hawajawahi kukutana nao."

"Kwa hiyo Mwonjaji alituongopea," wifi alisema. Alikuwa amesimama nyuma yao na mikono yenye unga.

"Alisema kweli. Alisema malisho ni salama kwake."

Kaka alitikisa kichwa. Nyonga ilikuwa inamuuma, aliegemea nguzo. "Malisho yale nimeyatembea mwenyewe. Sijaona kupe hata mmoja."

Daktari alimgeukia wifi. "Naomba shuka jeupe."

"Jeupe ninalo moja. La wageni."

"Mimi ni mgeni."

"Wewe ni wifi. Wageni wana adabu." Lakini alikwenda kulileta.

Walifunga ncha mbili za shuka kwenye fimbo, fimbo kwenye kamba. Kijitoni nyasi zilifika magotini, mbichi, zimelala vizuri kwa upepo. Hakuna mtu ambaye angeziogopa. Daktari aliburuta shuka juu yake polepole, umbali ambao mtu angerusha jiwe, kisha akaomba wifi ashike upande mmoja, wakaligeuza.

Mwanzoni palionekana mbegu za nyasi na vumbi.

"Hamna kitu," kaka alisema, na sauti yake ikapanda kwa furaha. "Si nimewaambia? Vumbi t—"

Vumbi likaanza kutembea.

Lilitembea pande zote kwanza, halafu kana kwamba kuna aliyeliambia kitu, likaelekea kwenye pindo, upande wenye joto la mikono na pumzi za watu. Kulikuwa na wakubwa wa kahawia wenye miguu ya mbele imeinuliwa, na kati yao wadogo sana, wengi kiasi kwamba kitambaa kilionekana kutikisika. Wifi alipiga kelele akaachia. Redio, ambaye alikuwa katikati ya maelezo marefu kuhusu shuka la mama yake, alinyamaza, akakunja suruali yake mpaka gotini na kuanza kujitazama.

Kaka hakusogea. Alitazama nyasi zote kuanzia pale alipokuwa amesimama mpaka kwenye miti ya ng'ambo, eneo lote alilolikodi.

"Wote hawa wanasubiri," alisema.

"Ndiyo," alijibu daktari.

* * *

Bandani alipima vifua vya mitamba kwa futi ya kamba na kukadiria uzito. Dawa hutolewa kwa uzito. Hakuhitaji kurudia hesabu, lakini alirudia. Chupa ilitosha mitamba wawili, kwa shida, na kwa wa tatu isingebaki hata tone.

Aliwaambia hivyo hivyo. Kisha akasema atawachoma Soksi na Kimya.

"Na Bibi Harusi?" kaka aliuliza.

"Nitampa sindano ya kupunguza maji mapafuni. Dawa hii simpi."

"Lakini yeye ndiye mgonjwa kuliko wote!"

"Ndiyo maana. Dawa inaua vijidudu. Haikaushi mapafu yaliyokwisha kujaa."

Kaka alikuwa amesimama karibu na kisanduku. Aliichukua chupa, akaifumbata. Hakuwa mtu wa fujo, na haikuwa fujo. Aliishika kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto barabarani.

"Gawa kwa tatu," alisema. "Kila mmoja apate kidogo. Mungu atajazia."

"Dozi pungufu haitoi kupona pungufu, kaka. Inawaacha vijidudu hai. Utakuwa umewaua watatu kwa haki sawa."

"Unajuaje? Wewe una uhakika watapona hao wawili?"

Hakuwa na uhakika. Homa ya Kimya ilikuwa juu kuliko alivyopenda na tezi zake zilikuwa kubwa mno kwa mnyama ambaye bado anasimama vizuri. Katika maabara aliona matokeo ya wanyama kama yule. Wengine walipona, wengine hawakupona, na hakuna aliyeweza kusema mapema ni nani. "Sina," alisema. "Soksi nina matumaini mazuri. Kimya sijui. Bibi Harusi najua."

Bibi Harusi alikohoa. Povu liliruka likatua kwenye saruji mpya.

"Yeye ndiye alinifuata," kaka alisema. "Siku nawachagua, wengine walikimbia, yeye akaja akanilamba mkono. Nitamwangaliaje?"

Wifi aliufuta unga mikononi kwa upindo wa khanga, akapita kati ya ng'ombe, akasimama mbele ya mumewe. Alikuwa mfupi, ilimbidi ainue kidevu.

"Baba watoto, nitazame mimi. Ukimwonea huruma huyo, ukawakosa wote, Jumatatu malori yakipakia utakuwa wapi?"

"Usilete habari za lori hapa."

"Zimeshafika. Zimo mkononi mwako. Mimi chakula cha safari sipiki tena. Nilishapika cha kutosha, na mwenzako wa mwisho kukila nilimkabidhi mama yake nguo."

Kaka alifumba macho. Kwa muda daktari aliogopa kwamba amelala vile vile amesimama. Kisha vidole vyake vikafunguka.

Daktari alivuta dawa mpaka chupa ikakoroma tupu. Soksi alichomwa shingoni bila kutikisika. Kimya alirusha kichwa, na kwa sekunde moja sindano ikayumba na dozi nzima ya mnyama ikawa inategemea kiganja cha Redio kilichomshika pua. Redio hakuachia.

* * *

Bibi Harusi alikufa kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Daktari alimpasua, kwa sababu alitaka kujua kama alichagua sawasawa, na kaka akasimama kutazama, kwa sababu hakuweza kwenda kwingine. Koo la hewa lilikuwa limejaa povu jeupe, zito, mpaka juu. Mapafu hayakunywea kama yanavyonywea mapafu ya mnyama aliyechinjwa. Yalibaki yamejaa, mazito kama sponji iliyotolewa kwenye ndoo.

"Angepata ile dawa?" kaka aliuliza.

"Angekuwa hivi hivi. Na mwingine pembeni yake."

Kaka aliitika kwa kichwa. Alionekana kuamini, na hilo halikumsaidia kitu.

Soksi alikuwa na thelathini na tisa na nusu. Homa ilikuwa inateremka. Kimya alikuwa na arobaini na moja na pointi mbili. Haikuteremka, ilikuwa imepanda. Alisimama ameinamisha kichwa mbele ya hori, majani yamejaa, hakuyagusa, na mara moja, daktari akiwa amemtegea sikio, akakohoa.

Jioni walikunywa chai sebuleni, mlango wazi ili wasikie bandani. Kaka alizungumza kwa utulivu mno.

"Mwenye malori nimeongea naye. Jumatatu wanapakia. Kimya akienda, nami nitakwenda. Ng'ombe mmoja hajengi nyumba."

"Hospitali walisemaje?" daktari aliuliza.

"Hospitali hawalishi watu. Nitakunywa kahawa, nitafungua dirisha, nitaimba. Safari ni ile ile ya zamani. Barabara ile naijua hata nikifumba..."

Kichwa kikadondoka kifuani. Mkono wenye kikombe ulibaki hewani kitambo, umeachwa na mwenyewe, kisha ukaanza kupinda. Wifi alikuwa ameshanyoosha wake. Alikipokea kikombe bila kumwaga tone, bila hata kuangalia, kama mtu anayepokea sahani jikoni, akakiweka mezani.

"Umeona," alimwambia daktari kwa sauti ya chini. "Mara ngapi kwa siku nakipokea mimi. Kwenye lori atampokea nani?"

"Mwambie nimemkataza."

"Wewe mdogo wake. Mimi mkewe. Hospitali wamemkataza, na wana makoti meupe. Wewe sema tu Kimya atapona."

Daktari alitamani kulisema. Lilikuwa neno dogo. "Nitajua asubuhi," alisema.

"Una moyo wa friji, wifi."

"Nikikudanganya leo, kesho utaniuliza nini?"

Wifi alimtazama muda mrefu, halafu akacheka bila furaha, akamvuta mumewe begani ili shingo isimuume. Kaka alizinduka na kumalizia, "...macho. Kwa nini mnanitazama?"

* * *

Asubuhi hakuna aliyemwita mwenzake, lakini wote walikutana bandani. Redio alikuwa ameshamaliza kufagia na bado alifagia. Kimya alikuwa amelala. Ng'ombe aliyelala huweza kuwa anapumzika au anaanza kufa, na kutoka mlangoni hali hizo mbili hazina tofauti.

Daktari alipiga magoti nyuma yake, akaingiza kipimajoto. Kipimajoto chake kilikuwa cha kizamani, cha zebaki, chenye kutaka muda. Aliushika mkia na kusubiri. Wifi aliuma pindo la khanga. Kaka alikuwa ameshika ukingo wa hori kwa mikono miwili, umbali ule ule ambao mikono hukaa kwenye usukani.

"Soma basi," alisema.

"Bado."

"Utakisomaje kikiwa ndani? Toa!"

"Nikitoa mapema kitasema uongo, na wewe utakiamini."

Alipokitoa alikifuta, akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha mpaka mstari ukaonekana. Alikisoma mara mbili.

"Thelathini na tisa na pointi moja."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" wifi aliuliza. "Sema kwa Kiswahili!"

"Imeshuka. Imeshuka sana." Alitega sikio ubavuni, upande mmoja na wa pili. Hewa iliingia na kutoka bila sauti ya maji. Wakati bado ameinama, taya la Kimya likasogea kando, likarudi. Alikuwa anacheua.

Wifi aliketi pale pale kwenye saruji, khanga na yote. Redio alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alijua, kwamba wadogo ndio wagumu, kwamba babu yake alikuwa mfupi akaishi mpaka akachoka. Kaka hakucheka. Alikuwa anatazama nje, upande wa kijitoni.

"Na wale wa kwenye nyasi?" aliuliza.

Daktari alijua kwamba angeweza kumwacha afurahi mpaka mchana. "Wapo. Kupe mkubwa anakaa mwaka mzima bila kula, na zaidi. Kule msirudi na hawa. Walisheni bandani, waogesheni dawa kila wiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mimba haitadhurika. Hata hivyo majani mnayokata yanaweza kuja na kupe."

"Lakini si wameshaugua? Hawana kinga?"

"Ya ugonjwa huu waliougua. Una aina zake nyingine, na kupe ana magonjwa mengine pia. Kuna jambo moja la kukusaidia. Kupe anapojibandika hapitishi ndigana siku ile ile. Anahitaji siku kadhaa za kula. Akiwa bado bapa, umemuwahi. Akiwa amevimba, umechelewa. Kwa hiyo masikio, kila siku. Yao wenyewe, siyo ya Mwonjaji."

"Kila siku."

"Kila siku, hata ukiumwa, hata mvua ikinyesha. Ukitaka ndama wao wapunguziwe shida hii, siku nyingine tutawapandisha kwa dume mwenye damu ya asili. Lakini hawa wawili watabaki hivi walivyo."

Kaka aliegemea hori. "Kwa hiyo ndiyo maisha yangu? Kuamka naogopa, kulala naogopa?"

Wifi ndiye aliyejibu, kutoka chini sakafuni. "Barabarani ulikuwa huogopi, na ulikuwa unalala. Mimi naitaka hofu hii. Hii inakuamsha."

Kaka alitoa simu mfukoni, akapiga, akasema maneno mawili matatu yaliyosikika na wote: kwamba asiwekewe nafasi Jumatatu, wala Jumatatu nyingine. Upande wa pili walicheka na kusema kitu. Alikata.

Kisha akaenda kwa Soksi. Nyonga haikumruhusu kuinama, kwa hiyo aliegemea ubavu wa mnyama, akalikunja sikio la kushoto kama alivyomwona dada yake akifanya, akaanza kupapasa kwa ncha ya kidole, mkunjo kwa mkunjo, akishuka ndani kabisa ambako mwanga haufiki.

Kidole kikasimama.

"Kuna kitu," alisema.

Hakuna aliyesogea. Alikibana kwa kucha, taratibu, akakivuta, akakiweka kwenye kiganja chake na kukileta mlangoni kwenye mwanga. Wote walikuja. Kilikuwa kidogo, cha kahawia, na miguu yake bado ilikuwa inachezacheza.

"Bapa," kaka alisema. Alimtazama dada yake. "Huyu ni bapa, sivyo?"

"Bapa."

Alimponda kwa kisigino, akapumua, akarudi kwa Soksi, sikio la kulia.